Wasichana kuanguka mapepo shuleni: nani anatakiwa kumsikiliza mtoto kwanza, mchungaji, daktari au mwalimu?

#1 BabaWaWanne
Wakuu, heshima kwenu.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, shule ya bweni ya wasichana huku Kanda ya Ziwa. Jumanne, wakati wa kujisomea usiku, msichana mmoja alipiga kelele akaanguka. Nusu saa haikuisha wakawa wanne. Mpaka Alhamisi walikuwa 11, na binti yangu alikuwa wa tisa. Matroni alinipigia simu: "Mzee, njoo umchukue mtoto, ana mapepo."

Nilimkuta bwaloni, amelazwa kwenye mkeka, viatu vya shule bado viko miguuni. Viganjani ana alama za kucha, nne huku na nne huku, za mtu aliyekunja ngumi muda mrefu. Sketi imekamatwa kiunoni kwa pini. Sketi hiyo nilimnunulia mwezi wa kwanza na ilimkaa sawasawa.

Shule ilishaita mchungaji, ikaita na shekhe. Kwenye kikao cha wazazi tukaambiwa kila mmoja achange 5,000, aletwe mtaalamu wa kusafisha eneo. Nilitoa, maana sikutaka ionekane mimi ndiye nimezuia watoto wa wenzangu wasipone. Lakini usiku nilifungua begi lake nikatoa daftari la hesabu. Limeandikwa vizuri mpaka katikati. Kuanzia hapo kuna kurasa 13 zenye tarehe na kichwa cha somo, na chini hakuna kitu. Kila siku alikuwa anaandika tarehe, halafu basi.

Hizo kurasa zimeninyima usingizi kuliko hayo mapepo. Naomba mnisaidie: hiki ni kitu gani, na shule ilitakiwa kufanya nini kabla hatujafika hapa?

#2 Mtumishi_Mlimani
Pole sana baba. Usikubali mtu akudanganye kwamba roho chafu hazipo. Uliza hiyo shule ilijengwa juu ya nini. Nimehudumu kwenye shule mbili, zote zilikata mti mkubwa bila kuuliza wazee wa pale, na zote watoto walianguka. Maombi ya siku tatu, pakatulia.

#3 FundiNondo
Hao wanatafuta ruhusa ya kwenda nyumbani. Sisi tukisoma, mwalimu wa nidhamu akitokea na fimbo mapepo yote yalikuwa yanakimbia yenyewe. Mbona shule za wavulana hawaanguki?

#4 NesiZamuYaUsiku
Baba, pole na safari. Niko wodini mwaka wa 14 sasa na hawa watoto naletewa, sanasana mitihani ikikaribia.

Mtu akishikwa na hofu anahema haraka haraka kuliko mwili unavyohitaji. Anapumua nje hewa nyingi mno ya kaboni dioksidi, damu inabadilika, midomo inakufa ganzi, mikono inakakamaa, kichwa kinakuwa chepesi, anaanguka. Anaposikia mikono haimtii anaogopa zaidi, anahema zaidi. Fundi, haigizi! Mwili ndio unaofanya. Na aliye pembeni akimwona mwenzake yuko hivyo, naye anaanza kuhema.

Ndiyo maana cha kwanza ni kumtoa kwenye umati. Apelekwe chumba kingine, akae naye mtu mmoja mtulivu, wavute pumzi pamoja taratibu. Watu 40 wakimzunguka wanapiga kelele, iwe za maombi au za kumfokea, wanaongeza moto.

Sasa nikuulize: alikuwa anakula? Amepimwa damu? Hiyo pini ya kwenye sketi imenikaa kichwani.

#5 Mdau_Kinyerezi
Hii si mpya jamani. Kuna shule Uganda mwaka 1963 wanafunzi walicheka mpaka wakafa. Someni historia.

#6 MzeeKamachumu
Mdau #5, hapana. Haikuwa Uganda, haikuwa 1963, na hakuna aliyekufa. Ni kwetu, Kashasha, Muleba ya leo, shule ya misheni ya wasichana. Ilianza tarehe 30 Januari 1962 kwa wasichana watatu. Mpaka shule inafungwa tarehe 18 Machi, walikuwa wamepatwa wanafunzi 95 kati ya 159. Watoto wakarudishwa makwao, na kijijini Nshamba nako kukaanza, watu 217. Shule ilifunguliwa Mei ikafungwa tena Juni. Shule zilizofungwa kwa jambo hilo zilifika 14.

Watu wanapenda kusema "kicheko" kwa sababu kinachekesha kusimulia. Walikuwa wanacheka, wanalia, wanakimbia ovyo, wanaogopa kitu nyuma yao. Madaktari waliofika walipima damu, hawakukuta sumu wala kidudu. Na hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa. Hilo la walimu ndilo jambo la kuliwazia, Fundi. Ni watoto tu, wa miaka 12 mpaka 18, wamefungiwa mahali pamoja, mbali na mama zao.

Na wakati ule nao kila mtu alikuwa na lake. Wengine walisema hewa imechafuliwa na mabomu ya atomiki ya Wazungu.

#7 Mdau_Kinyerezi
Shikamoo mzee. Nimesahihishwa, asante.

#8 MwalimuWaMalezi
Nimesoma nikaona niandike, kwa sababu mimi ndiye mtu ambaye baba wa #1 anamuuliza.

Nafundisha Kiswahili na Historia, vipindi 26 kwa wiki, na juu yake ndiye mwalimu wa malezi na unasihi wa shule yenye wanafunzi 640. Sikusomea unasihi. Niliteuliwa kwenye kikao kwa sababu "wewe mpole". Chumba changu ni stoo ya mipira na majembe, mlango haufungi. Mtoto akija kulia, wa kidato cha kwanza wanachungulia dirishani.

Mwaka jana alikuja msichana akasimama pale mlangoni. Nikamwambia kaa. Akakaa juu ya gunia la chokaa. Akafungua mdomo, kengele ikalia, nina kidato cha nne. Nikamwambia rudi saa nane. Saa nane hakurudi. Nilimtafuta kesho yake akasema "ilishapita mwalimu". Mpaka leo sijui kilikuwa nini, na kila nikipita kwenye lile gunia namkumbuka.

#9 ShangaziTabora
Fundi Nondo kaka yangu, hilo la fimbo naomba nikujibu kwa upole, maana limeniuma.

Mpwa wangu ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtu wa sikoseli figo zake hazizuii maji vizuri, kwa hiyo anakojoa mara kwa mara, na wakati huohuo lazima anywe maji mengi ili damu isigande njiani akapata maumivu. Basi darasani anaomba ruhusa mara tatu kwa kipindi kimoja. Mwalimu akaona ni mtoro wa vipindi. Akachapwa. Akaacha kunywa maji ili asiombe ruhusa. Wiki ya pili tukampeleka hospitali usiku analia mifupa, akalazwa siku tisa, akakosa mitihani ya nusu muhula. Aliporudi akasomwa mstarini kama wa mwisho darasani.

Nieleze hapo ugonjwa unaishia wapi, uchungu wa moyo unaanzia wapi, na masomo yako wapi. Kwa mtoto vyote vilikuwa kitu kimoja. Sisi ndio tuliogawana.

#10 FundiNondo
Shangazi, pole sana. Hilo la maji sikulijua. Nilikuwa nasema kwa uzoefu wangu wa zamani. Ila viboko si vimeshapigwa marufuku? Huyo mwalimu alimpigaje?

#11 Kitabu_cha_Kanuni
Fundi, Tanzania Bara havijapigwa marufuku. Kanuni zinasema visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, viandikwe kwenye kitabu maalumu, na msichana achapwe na mwalimu wa kike au mkuu wa shule mwenyewe. Kumchapa mtoto kwa kuomba kwenda chooni haimo popote.

#12 Nyayo_Kakamega
Hamjambo ndugu zetu. Huku Kenya viboko vilipigwa marufuku mwaka 2001, na bado wasichana wanaanguka. Oktoba 2023 hapa kwetu Kakamega wasichana zaidi ya 90 wa shule moja walipelekwa hospitalini, miguu inatetemeka, hawawezi kutembea. Sampuli zikapelekwa maabara, wazazi wakaja na magari kuchukua watoto. Kwa hiyo msidhani fimbo pekee ndiyo kiini. Mimi naona ni mtihani. Mtoto anaambiwa tangu akiwa darasa la nne kwamba karatasi moja itaamua maisha yake.

#13 Mpemba_Wete
Asalaam aleikum. Kwetu watoto wakipatwa husomewa ruqya, yaani kisomo cha Qur'ani cha kumponya mtu, na mimi siwezi kuikanusha, nimeiona ikituliza. Lakini nitasema nilichokiona kwa macho yangu. Mwalimu wetu wa chuo cha Qur'ani alipomaliza kumsomea mtoto wa jirani, aliwatoa watu wote ukumbini akabaki na mtoto na bibi yake. Akamuuliza, "Mwanangu, nani umemkumbuka?" Mtoto akalia sana, akamtaja baba yake aliyekwenda Muscat mwaka wa tatu, hapigi simu. Siku ile ndiyo alilala. Sasa kilichomponya ni kisomo au ni swali? Mimi nasema vyote viwili, na sioni haja ya kuvigombanisha.

#14 NesiZamuYaUsiku
Mpemba, huyo mwalimu wa chuo amefanya kazi ambayo sisi hospitali mara nyingi tunashindwa. Kuwatoa watu. Kuuliza.

#15 BabaWaWanne
Nimerudi wakuu. Nesi, leo asubuhi nimempeleka kituo cha afya kama ulivyonigusia. Malaria hakuna, mkojo safi. Damu ni 7.9. Daktari amesema kwa msichana wa umri wake ilitakiwa 12 kwenda juu, amempa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya minyoo. Akasema mtoto wa damu hiyo anachoka akipanda ngazi tu, darasani akili haikai.

Kwa hiyo ilikuwa ni damu tu? Nimefurahi na nimekasirika kwa pamoja.

#16 Mtumishi_Mlimani
Utukufu kwa Mungu kwa kujua hali yake. Lakini baba jiulize, wasichana wanne wote damu ilipungua Jumanne moja saa mbili usiku?

#17 NesiZamuYaUsiku
Mtumishi ana hoja na sitaizunguka. Damu kidogo inaeleza kuchoka, moyo kwenda mbio, kizunguzungu, na kurasa tupu zile. Haielezi wanne ndani ya nusu saa. Wiki iliyopita nilipokea watatu wa shule nyingine, mmoja alikuwa na damu 12.6, mwenye afya kabisa. Damu iliandaa mwili wa binti yako, ila kuna kitu kingine kilichogonga mlango.

#18 Ulanga_Asilia
Jamani pia msisahau kifafa. Mimi ni wa Mahenge. Kwetu kifafa kimejaa tangu zamani. Daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa pale mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ndiye aliyeandika kuhusu watoto wanaotikisa kichwa. Siku hizi watafiti wanakihusisha na usubi, ule ugonjwa wa inzi weusi wa kwenye mito ya kasi.

Mdogo wangu alikuwa nacho. Akianguka darasani wenzake walikimbia, waliambiwa ukikanyaga mate yake na wewe unapata. Akatengewa dawati, sahani, kikombe. Dawa alikuwa anameza vizuri tu. Kilichomtoa shule darasa la tano si kifafa, ni kile kikombe.

Akianguka mtoto, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu, msimwekee kijiko mdomoni, msimkandamize. Ikizidi dakika tano mkimbizeni hospitali. Na huyo hatulii kwa kuhesabu pumzi, kwa hiyo asiyejua tofauti asijifanye anajua, ampeleke akapimwe.

#19 MamaLishe_Makambako
Mimi nimepika shuleni miaka sita, nisikilizeni na mimi. Tangu ada ifutwe mwaka 2016 kuna wazazi wakisikia neno mchango wanasema serikali imesema bure. Chakula cha kutwa kwa shule nyingi ni makubaliano ya wazazi, debe la mahindi na kilo kadhaa za maharage. Asiyeleta, mtoto wake anakaa nje ya bwalo anatazama wenzake. Nilikuwa nawajua kwa sura. Mchana walikuwa wanakwenda kwenye bomba, wanakunywa maji mengi, wanarudi darasani. Nikawa naacha ukoko makusudi.

#20 Mdau_Kinyerezi
Ukoko wa makande! Mama umenikumbusha Ilboru... sitasema mwaka, mtanihesabia umri.

#21 MamaLishe_Makambako
Wewe ndiye uliyekuwa unachelewa makusudi ili ubaki na sufuria, nakujua hata bila jina 😄

#22 Nyayo_Kakamega
Nairobi mtoto analipa shilingi tano ya Kenya kwa mpango wa Dishi na County, anapitisha kibangili kwenye mashine anapewa chakula. Aliyelipiwa na asiye na uwezo hamuwezi kuwatofautisha kwa macho. Mimi hilo la kutowatofautisha ndilo nalipenda kuliko hata chakula chenyewe.

#23 BabaWaWanne
Wakuu, jana jioni binti ameongea. Sikumuuliza. Tulikuwa nje tunapukuchua mahindi, mama yake ameingia ndani, akaanza mwenyewe huku anaangalia ungo.

Yule wa kwanza kuanguka ni rafiki yake wa kitanda cha juu. Mama yake alifariki mwezi wa nne. Alipewa ruhusa akazike, akarudi siku ya tano. Tangu arudi alikuwa hali chakula cha jioni, na binti yangu akawa hali naye, "nisimwache peke yake". Usiku anamsikia analia, anashuka, wanakaa wote chini mpaka saa tisa. Mchana hesabu "zinasogea ubaoni". Matokeo ya nusu muhula yalisomwa mstarini kuanzia wa mwisho. Rafiki yake alikuwa wa mwisho, yeye wa nne kutoka mwisho. Hiyo ilikuwa Jumanne asubuhi.

Nikamuuliza, hamkumwambia mtu? Akasema, "Baba, tungemwambia nani? Matroni alituona."

#24 ShangaziTabora
Nimelia.

#25 MwalimuWaMalezi
Baba, hiyo "alituona" ndiyo ugonjwa wa shule zetu. Matroni alijua hawali. Mwalimu wa darasa alijua wamefeli. Mwalimu wa hesabu aliona kurasa tupu, au hakusahihisha. Mlinzi wa usiku lazima aliona taa. Aliyesaini ruhusa ya msiba alijua kuna msiba. Kila mtu alikuwa na kipande chake, na mtoto akawa anatembea na vipande vyote.

Baada ya yule wa kwenye gunia la chokaa nilimwomba mkuu wa shule kitu kimoja tu. Kila Ijumaa dakika 20, mimi, matroni, mwalimu wa zamu na yule wa huduma ya kwanza, tunakaa na daftari moja. Kila mtu anataja watoto watatu aliowaona wamebadilika. Hatujadili, tunataja. Ijumaa ya kwanza jina moja lilitajwa na watu watatu: kwa matroni alikuwa mkojozi, kwa mwalimu wa zamu alikuwa mchelewaji, kwa wa huduma ya kwanza alikuwa mwenye kuumwa tumbo kila Jumatatu. Mtoto mmoja! Tukamwita mama yake, tukaanza kuelewa.

Mapepo hayajaisha shuleni kwangu, mwezi wa tano walianguka wawili. Lakini hawakufika watatu.

#26 Kitabu_cha_Kanuni
Mwalimu, wazo zuri ila hilo daftari linaniogopesha. Mtoto akimwambia matroni siri ya nyumbani, Ijumaa inasikika kwa watu wanne, Jumatatu iko ofisi nzima. Ofisi za walimu tunazijua. Litafungiwa wapi, na stoo yako mlango haufungi?

#27 MwalimuWaMalezi
Ni kweli. Tunaandika jina na neno moja, "hali" kwa asiyekula, "halali" kwa asiyelala, "kimya". Kisa hakiandikwi. Daftari nalala nalo nyumbani. Najua hakutoshi.

#28 Mtumishi_Mlimani
Nimesoma habari ya huyo binti aliyefiwa na mama. Bado naamini giza huingia palipo na huzuni isiyofarijiwa. Ila nakiri, katika zile shule mbili nilizohudumu sikumuuliza mtoto yeyote ameanzaje. Nilikemea nikaondoka. Baba, huyo rafiki yuko wapi sasa?

#29 BabaWaWanne
Mtumishi, hilo ndilo swali nililokuwa nalo tangu jana. Alichukuliwa na mjomba wake, nimepata namba leo. Mjomba anasema yupo, anashinda ndani, shule imesema asirudi mpaka "asafishwe". Hajapimwa chochote. Nimemwomba nimpeleke mimi pamoja na wangu kwenye kliniki, amekubali.

Nimeongea pia na mkuu wa shule. Hakukasirika. Amesema mzee, nina watoto 500 na nesi hakuna, niambie nianzie wapi. Nikamwambia aanze kwa kuacha kusoma matokeo mstarini. Amesema atalipeleka kwenye kikao.

Kesho naondoka na basi la alfajiri. Nimebeba karanga kilo mbili, moja ya kwangu na moja ya mwenzake.

#30 NesiZamuYaUsiku
Safari njema baba. Waambie vile vidonge vya damu wasimeze na chai, chai inazuia madini chuma yasiingie mwilini. Wameze na maji, na kama kuna chungwa au embe wale hapohapo. Na choo kikiwa cheusi wasiogope, ni dawa.